Kengele ya Bounthavy

Baiskeli hii niliiuziwa na mwalimu mstaafu, Bounthavy,
kwa bei ya huruma na sharti moja:
ukifika Ban Dongkham, ulizia nyumba ya dada yangu,
mpigie kengele mara tatu,
mwambie bado inalia.
Kisha akanijazia upepo matairi yote mawili
kwa pampu iliyokohoa kuliko yeye.

Siku ya kwanza nilikimbiza. Sijui nilikuwa namkimbiza nani.
Siku ya pili mnyororo ulichomoka mara sita,
na mara ya sita, mikono imejaa grisi,
nikakubali: gia ni moja, goti ni bovu,
Laos haihami, na Mekong pale kando
imebeba magogo mazima bila kuonyesha kuchoka.

Hapo ndipo macho yakafunguka, au pua.
Kila kijiji hunukia kabla hujasikia jina lake:
hapa samaki wa kuchachushwa mtungini,
kule nili, na wanawake chini ya nyumba zenye miguu mirefu,
viganja vya buluu hadi kwenye kiwiko,
wakifuma sketi, wakinicheka
kwa lugha nisiyoijua
kicheko ambacho nilikielewa chote.

Alfajiri, watawa kumi na mmoja.
Wa mwisho mtoto, bakuli pana kuliko kifua chake,
ukingo wa vazi lake la manjano umelowa umande.
Bibi mmoja amepiga magoti kwenye mkeka wa plastiki,
anamega wali wa kunata, tonge kwa kila bakuli,
na hakuna asemaye asante.
Kwetu ningeitwa sikufunzwa.
Hapa anayetoa ndiye anayeinama.
Nikashuka, nikaegesha baiskeli,
na stendi yake ikapiga kelele kama sufuria iliyoanguka.
Mbwa tu ndiye aliyegeuka.

Ban Dongkham niliifikia siku ya tano, mchana, jua la utosi.
Malaythong alikuwa anamenya machipukizi ya mianzi.
Nikapiga mara tatu.
Kisu kikasimama.
Sentensi niliyoikariri njia nzima
ikanitoka miguu juu kichwa chini;
nadhani nilimwambia kengele ina njaa.
Hakucheka.
Akaja, akakigusa kile chuma chenye kutu,
akakiliza mwenyewe, mara moja, kwa dole gumba,
kama mtu anayebonyeza papai sokoni.
Kisha akaingia ndani
na kutoka na bisibisi.

Skrubu mbili tu.
Kengele akaifundika kwenye pindo la shali yake.
Pale ilipokuwa, kwenye usukani, akafunga uzi mweupe,
mwingine akanifunga mimi mkononi,
huku akinong'ona maneno marefu kuliko uzi wenyewe.
Akanipa kikapu cha wali, akanionyesha njia kwa kidevu.
Sikuuliza zamani ililia mlangoni pa nani,
wala ni nani aliyekuwa akiipiga akirudi.
Nilipokuwa nimeshapita hekalu, nikaisikia nyuma yangu:
mara moja. Baada ya kitambo, tena.

Tangu siku hiyo sina kengele.
Kwenye kona, nyuma ya mzee aliyejitwika kuni,
mbele ya watoto wanaosuka samaki wa majani ya mnazi
katikati ya barabara kama vile barabara ni sebule,
inanibidi nipunguze mwendo hadi karibu nianguke
na niseme kwa mdomo wangu mwenyewe: sabaidii.
Na kila mtu, hata aliyenipa mgongo,
hunirudishia sabaidii ileile,
ile irabu ya mwisho ikiburuzika kama tairi kwenye vumbi,
ndipo anipishe.

Nyati hajibu.
Nyati namsubiri.